Kumbukumbu: Milki au Amana?

Mtu akiulizwa kilicho chake hasa, hutaja shamba, nyumba na mwili wake; na mvutaji akionywa, katika baraza za Ndanda kama za Newala, huku kusini mwa Tanzania, hujibu kwamba tumbako ameinunua kwa jasho lake, pafu ni lake, na madhara yakitokea yatamfika yeye. Jawabu hili si dhaifu, wala si insafu kulidharau, maana uhuru wa mtu juu ya nafsi yake ni jambo tukufu. Lakini moshi hauishii kifuani, na hapo ndipo jawabu linapopungukiwa.

Mwaka 1950 watafiti Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walipodhihirisha uhusiano wa sigara na saratani, habari ilikuwa ya mapafu. Mwaka 1998 watafiti wa Rotterdam, nchini Uholanzi, waliowafuatilia wazee wa mji ule, walieleza kwamba hatari ya maradhi ya usahaulifu wa uzeeni kwa wavutaji ilikuwa yapata mara mbili ya ile ya watu wasiovuta kamwe. Moshi hukakamaza na kufinya mishipa ya damu, hata ile myembamba mno inayolisha ubongo, na sehemu iliyokosa damu hufa kimyakimya, miaka mingi kabla mwenyewe hajaanza kuyasahau majina ya wajukuu wake. Naam, sigara humchangamsha mvutaji kwa muda mfupi, naye hudhani akili yake imenolewa. Uchangamfu huo hupita, na mishipa hubaki na dhara lake.

Sasa kumbukumbu hiyo inayoungua ni ya nani? Katika nchi hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambamo nasaba hufuata upande wa mama, mjomba mzee ndiye ajuaye nani ni wa ukoo gani, nani haruhusiwi kumwoa nani, na shamba lilikuwa mikononi mwa nani kabla mikorosho haijapandwa. Watu waliokombolewa utumwani, waliofika Masasi mwaka 1876 pamoja na Askofu Edward Steere, walichukua vifuani mwao habari za makwao. Na vita vya Maji Maji, vilivyoteketeza misheni ya Lukuledi mwaka 1905, mwaka mmoja kabla Wabenedikto hawajaanza makao yao Ndanda, vilisimuliwa na vinywa vya walionusurika kabla ya kuandikwa vitabuni. Karl Weule, mtafiti wa mila kutoka Leipzig, Ujerumani, alipofika Newala mwaka 1906 na fonografu yake, hazina aliyovukia bahari kuitafuta ilikuwa imo vichwani mwa watu.

Aliye na kumbukumbu ya namna hii hakuizua. Aliipokea kwa mama, kwa mjomba na kwa walimu wa jando, naye anadaiwa na watoto ambao hawajazaliwa. Basi ni amana, na aliyeachiwa mikorosho ya yatima hana ruhusa ya kuikata kuni, ingawa jiko ni lake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu akili miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali. Nami naona kwamba kwetu akili ya mzee ikipotea, nasaba nayo hutikisika. Kwa Wakristo nako kumbukumbu si kitu duni: Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alimtafuta Mungu ndani ya kumbukumbu yenyewe.

Atatokea mwenye kusema kwamba usahaulifu ni kudura, na kwamba Kurani, katika Sura ya Nahli, imetaja wanaorudishwa kwenye umri dhalili wasijue kitu baada ya kujua. Ni kweli, tena wako wengi wanaosahau ambao hawakugusa tumbako maisha yao yote. Kwa hiyo ni dhuluma kubwa kumtazama bibi aliyepotewa na fahamu na kunong'ona kuwa ameadhibiwa, au, vibaya zaidi, kwamba ni mchawi. Huyo anastahiki huruma na mkono wa kumwongoza. Lakini anyang'anywaye na atupaye hawahukumiwi kwa hukumu moja, wala kudura haikumwamuru mtu kuwasha kiberiti.

Hatari ya usahaulifu utokanao na moshi hupungua kwa mwenye kuacha tumbako, na hupungua zaidi kadiri miaka ipitavyo. Basi, mjomba unayevuta, acha leo, ungali unayajua majina ya wazee wa ukoo wako, ukae na wapwa zako uwatajie moja baada ya moja.