Baiskeli ya Ukutani

Umeiona baiskeli iliyoegemezwa ukutani? Jana ilibeba maji. Leo itabeba gunia la pamba. Lakini mpe kijana baiskeli hiyo hiyo, mpe na barabara, uone mchezo.

Vijana wa Unguja wana mawimbi. Pale Paje wanapanda ubao, wanashika tiara, upepo unawabeba. Sisi Bariadi hatuna bahari. Tuna baiskeli. Tumeona kwenye tamasha la Simiyu Jambo Festival: vijana wakikanyaga pedeli kwenye mbio, vikundi vya ngoma za Kisukuma, Wagika na Wagalu, vikishindana, vigelegele juu. Nani alikumbuka kukaa kijiweni siku ile? Nguvu ni zile zile za Paje. Jasho ni lile lile.

Ukitoka kwenda kazini, itazame tena baiskeli yako. Nani hapo nyumbani anaitamani?