Kumalizana na Asiyekuwepo

Neno "kumalizana" linadai watu wawili, na ndiyo maana aliyeachwa bila kuagwa huona hawezi kumaliza mpaka mwenzake arudi aeleze. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu mkoani Geita, kuachwa kwa namna hiyo kunajulikana. Wawili wanaishi kinyumba jirani na maduara ya wachimbaji, rashi mpya ya dhahabu inasikika kwingine, mwanamume anatangulia kuangalia hali, simu inaita siku chache kisha haipatikani tena. Mahari haikutolewa, basi hakuna ng'ombe wa kurudishwa mbele ya wazee ili ijulikane kwamba mambo yamekwisha. Nyuma ya mlango zimebaki gambuti zenye tope lililokauka, na mwanamke huzisogeza kila anapofagia. Nasema hahitaji maelezo ya bwana yule ili amalize. Anachokosa ni siku ya mwisho inayojulikana na watu.

Tazama eda, muda anaosubiri mwanamke baada ya talaka. Katika Uislamu mtalaka anayepata hedhi huhesabu mizunguko mitatu, asiyepata huhesabu miezi mitatu, na mjamzito husubiri hadi ajifungue. Hesabu hiyo hulinda nasaba na kuacha nafasi ya kurejeana, lakini haiulizi nani alikosa. Sababu isemwe au isisemwe, muda ni uleule, na anayeukamilisha ni mwanamke mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo, katika kifungu cha 101, inataka shauri la talaka lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, ila anayedai ametelekezwa na hajui mwenzake aliko halazimiki kwenda huko. Hata wanaoishi kinyumba wasijione hawahusiki: kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kama mume na mke.

Ataniambia mtu kwamba moyo haufuati kalenda wala kifungu. Ni kweli, na eda haimwamuru mtu aache kupenda. Ikiisha, humwondolea tu wajibu wa kungoja, na huo ndio unaomchosha. Pingamizi zito zaidi latoka kanisani: je, nabii Hosea hakumrudia mkewe aliyemkosea, hata akatoa fedha na shayiri kumpata? Alimrudia. Lakini Hosea alijua mkewe yuko wapi, na subira yake ilikuwa na mtu wa kuipokea. Kusamehe naweza nikiwa peke yangu. Kupatana siwezi, na tukivichanganya viwili hivi tunamfunga aliyeachwa kwa jina la Mungu. Ni afadhali aite mzee mmoja, shangazi na jirani aliyewajua wote wawili, aseme mbele yao kwamba kuanzia leo hangoji, kisha gambuti zile apewe kijana anayeshuka duarani kesho asubuhi.