KUSOMEA USAFI WA MJI NI FARDHI YA KIFAYA

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu Waislamu wa Bukavu,

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba uharibifu wa nchi kavu na wa majini unatoka mikononi mwetu wenyewe. Sisi hatuendi mbali kuuona. Mvua ikinyesha, takataka tulizotupa milimani zinashuka na mifereji mpaka Ziwa Kivu. Sashe na chupa za plastiki zinasukumwa hadi mto Ruzizi, zinakwama kwenye baraji ya Ruzizi I na kuziba mashine. Umeme unakatika, nyumbani hata msikitini. Na mama anayeteka maji ya ziwa anawapelekea watoto wake kipindupindu.

Mwezi wa Desemba 2017 Serikali ilitoa amri ya kukataza sashe za plastiki. Lakini karatasi ya amri haizoi takataka. Panahitajika watu wenye ujuzi.

Mnajua fardhi ya kifaya: maiti akioshwa na wachache, wengine wamesamehewa, asipooshwa na mtu, sisi wote tuna dhambi. Imam Ghazali alihesabu udaktari na hesabu katika fardhi hiyo, kwa kuwa watu hawawezi kuishi bila elimu hizo. Je, katika jamaa yetu ni nani anayejua kupima maji, kupanga uzoaji wa taka, kugeuza maganda kuwa mbolea?

Mzazi atasema: "Mwanangu asome sheria, takataka ni kazi ya aibu." Ndugu yangu, kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipokufa, watu walimdharau, wakamzika bila kumpasha habari Mtume. Mtume akauliza kaburi lake, akaenda kumswalia. Aibu iko wapi?

Basi, kijana akipata diploma ya Serikali, awe wa kiume au wa kike, msimzuie kusomea biolojia na mazingira. UOB na ISDR ziko hapa hapa mjini. Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji. Nasi tuliokwisha kuacha shule, tusitupe hata sashe moja katika mfereji.

Ee Mola, utujaalie watoto wenye elimu yenye manufaa, na maji yaliyo safi. Amin.

Wabillahi tawfiq.