Upepeo na Mkono Uushikao

Kutengeneza upepeo wa karatasi kwa mfano wa ule wa mabibi wa zamani ni kazi ya mikono ipendwayo na watoto, wala haihitaji fedha nyingi. Hata Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanza mwaka 1958, karatasi ya manila kutoka Mbarara ikikosekana, jalada la daftari lililokwisha latosha. Karatasi huchorwa kwanza ingali bapa, kwani ikishakunjwa mstari hauendi sawa. Kisha hukunjwa huku na huku kwa upana wa kidole, ncha moja ikafungwa uzi, na vijiti viwili vikagandishwa pembeni kwa gundi ya unga. Ukikunjuliwa, ua lililofichika huonekana.

Lakini mwalimu hafundishi mikono peke yake. Yatupasa tujiulize: tunapowafundisha watoto kuiga fahari ya kale, twawafundisha nini?

Historia ya fahari hiyo si safi. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, zilikutwa pepeo za manyoya ya mbuni; na mfalme hakujipepea mwenyewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hadi Misri. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, asimulia jinsi mabibi walivyopepewa na watumwa wao hadi usingizi ukawachukua. Upepo ulikuwa wa mmoja, jasho la mwingine.

Basi wako watakaosema: urembo uliolelewa na utumwa na uachwe. Hoja hii ina uzito, lakini hatuikubali yote. Kupepea si dhuluma. Mama humpepea mwanawe mwenye homa usiku kucha, na mkono wake huchoka kama ulivyochoka mkono wa mtumwa. Tofauti haimo katika upepeo, wala katika uchovu. Imo katika swali moja: je, apepeaye angeweza kukataa? Mtumwa hakuweza. Mama aweza, wala hakatai.

Wengine watasema kwamba urembo ni anasa mahali penye uhitaji. Tuwajibu kwa upole. Huko Nakivale wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Mkimbizi huandikwa katika orodha kuwa ni mpokeaji: wa chakula, wa blanketi, wa turubai. Ni nadra kuulizwa ana nini cha kutoa. Mtoto aliyekunja karatasi yake, akachora ua, kisha akaenda kumpepea bibi yake aliyelemewa na joto, ametoa kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote. Joto lingepungua hata bila ua. Ua lasema neno jingine: kwamba mtoaji hakutaka tu kumaliza kazi, bali aliketi akamfikiria atakayepewa.

Twajua kuwa mtumwa naye aliweza kuamrishwa kupamba. Kwa hiyo ua peke yake si ushahidi wa uhuru. Yafaa tuulize ni nani aliyelichagua. Na hapo swali latugeukia sisi walimu. Mara ngapi tumechora mfano ubaoni, tukaamuru darasa zima lichore vivyo hivyo, kisha tukampunguzia alama aliyechora vingine?

Tuwafundishe kukunja sawasawa, kwani hiyo ni ufundi, na ufundi una kanuni. Tuwaonyeshe pepeo za ukili za pwani na zile za kukunja zilizotoka Japani zikafika Ulaya. Tuwaambie pia ni nani waliozipunga. Atakaye aandike msemo pembeni, kama ilivyo desturi ya kanga. Nalo litakuwa somo jema la lugha. Lakini tusimwamrishe mtoto ua la kuchora, wala mtu wa kumpepea. Hayo mawili na yabaki yake.