Kodi Unayolipa Inaweza Kurudi Kwako

Kila mwezi, tarehe 5 ikikaribia, simu za wapangaji wa Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu hufanya kazi moja: kutuma kodi. Wewe umeituma kwa miaka mingapi? Ungeijumlisha yote ungepata kiasi cha kukutoa jasho. Pesa hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni yule aliyemiliki jengo kabla yako. Leo nataka tuzungumze jinsi wewe pia, kwa mshahara huohuo unaoulalamikia, unavyoweza kukaa upande wa pili wa risiti.

Tumelelewa tukiamini kwamba njia ya kuingia kwenye majengo ni moja tu: ununue ploti, ujenge, upangishe. Kwa hiyo mwenye mamilioni huingia, na mwenye elfu kumi husubiri bei ya ploti ishuke. Haishuki. Anasubiri miaka kumi, akiba yake inaliwa na mfumuko wa bei, na watoto wamefika sekondari.

Kuna mlango mwingine, na kwa Kenya umekuwa wazi tangu kanuni za mwaka 2013. Ni amana za uwekezaji wa majengo, ambazo wenye soko huziita riti. Marekani walizianza mwaka 1960, Rais Eisenhower alipotia saini sheria iliyomruhusu mtu wa kawaida kumiliki sehemu ya majengo makubwa kama anavyomiliki hisa za kampuni. Wawekezaji wanachanga na kupewa vipande, fedha zinanunua maduka, ofisi, maghala au hosteli, wapangaji wanalipa, na kila mwenye vipande anapata mgao wake.

Soma vizuri ulinzi uliowekwa hapo. Majengo hayaandikwi jina la meneja. Yanashikiliwa na mdhamini aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa niaba yenu wenye vipande. Riti ya kipato, ile inayoishi kwa kodi ya pango, inatakiwa igawe angalau asilimia 80 ya faida yake halisi. Mikopo yake nayo ina kikomo. Sasa mkumbuke jamaa aliyekushawishi mnunue ploti pamoja kwa maneno ya mdomo. Yeye alikuwa na sharti gani la kukulipa?

Lakini mtu anayekuhimiza bila kukuonyesha mahali wengine walipoumia hakutakii mema, kwa hiyo tuitazame Fahari.

Fahari ilikuwa riti ya kwanza kuuzwa kwa umma Kenya. Iliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kipande, na mali yake kuu ikawa Greenspan Mall kule Donholm. Baadaye bei ikaporomoka. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11, na mwaka 2024 riti hiyo ikaondoka kwenye soko kuu. Aliyenunua kwa 20 akauza kwa 11 alipata hasara, hata ukimhesabia migao aliyokuwa amepokea.

Wengi walisikia habari hiyo wakasema riti ni uongo. Mimi nasema ifanye darasa, maana ada imeshalipwa na wengine. Mgao wa Fahari kwa mwaka ulikuwa chini ya shilingi moja kwa kipande. Chini ya shilingi moja kwa ishirini ni chini ya asilimia 5, wakati hati fungani za serikali za muda mrefu zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10. Hesabu hiyo ingefanyika nyuma ya bahasha kabla ya kutoa senti. Jengo lilikuwepo na wapangaji walikuwepo. Bei iliyolipwa ndiyo haikulingana na kodi iliyokuwa ikiingia. Mwenye macho ya kuliona hilo hatishwi na riti, wala hadanganywi nayo.

Tazama tena upande wa kampuni ya Acorn, yenye hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani. Tangu 2021 ina riti mbili: moja inajenga, nyingine inanunua hosteli zilizokamilika na kukusanya kodi. Ya kujenga ina hatari zaidi, kwa sababu jengo linaweza kuchelewa na gharama kupanda kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Ya kipato hutembea taratibu. Kama wewe ndiyo kwanza unaanza, anzia kwenye kipato.

Utaniambia kwamba matoleo mengi ya riti Kenya hayako wazi kwa umma na yanadai angalau shilingi milioni 5. Ni kweli, na kikwazo hicho kinaniudhi. Lakini sisi ni watu wa chama! Watu 25 wenye laki mbili kila mmoja wanafika milioni 5. Na kwa asiye na hata laki moja kuna jukwaa la Vuka, lililoundwa ili wawekezaji wadogo waungane na kuingia kwenye riti ya Acorn. Usiweke huko pesa ya karo ya muhula ujao wala ya dharura ya hospitali, kwa kuwa vipande hivi haviuziki kwa siku moja. Weka ile ambayo ungeificha kwenye ploti kwa miaka kumi.

Sasa anza. Chama kikikutana mwezi huu, omba nafasi kwenye ajenda kabla ya kugawana mzunguko. Nenda na ripoti ya mwaka ya riti moja, ichapishe. Tafuteni kurasa nne tu: majengo yamejaa kwa asilimia ngapi, mpangaji mkubwa ni nani na mkataba wake unaisha lini, deni ni kiasi gani, na meneja analipwa nini hata mwaka mbaya. Gawanyeni mgao wa mwaka jana kwa bei ya leo, mlinganishe na hati fungani. Mkiona inafaa, mwagizeni mweka hazina ampigie wakala wa hisa mwenye leseni kesho yake asubuhi.