Mtoto Kwanza, Chombo Baadaye

Siku hizi shule nyingi za chekechea zinatafuta vishikwambi. Twaulizana: tukimpa kila mtoto kishikwambi kile kile, je, tumetenda haki?

Sisi tuliofundisha zamani tungali na deni. Tuliwahi kumchapa mtoto kwa kutonakili herufi za ubaoni, tukamwita mvivu. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa hazioni. Ubao ulikuwa mmoja kwa wote, nasi tulidhani usawa huo ndio haki.

Huko Paris, vitabu vya kwanza vya wasioona vilipigwa chapa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa. Zilimpendeza mwenye macho, lakini kidole kilizisoma kwa taabu. Mwaka 1824 Louis Braille, kijana wa miaka 15 aliyepofuka tangu utotoni, alitunga maandishi ya nukta 6, ambazo ncha ya kidole huzigusa zote kwa mara moja. Herufi zikafuata kidole.

Kishikwambi nacho chaweza kumkuzia herufi mwenye macho dhaifu, na kumsomea hadithi asiyeona. Lakini nani atatambua kwamba mtoto wa nyuma anakaza macho? Kazi hiyo ni ya mwalimu na mzazi.

Basi, kabla ya kuchanga fedha, tukae na kila mtoto, tumtazame, tumsikilize, ndipo tujue chombo kinachomfaa. Yule tuliyemchapa, kiti cha mbele tu kingalimtosha.