Uzi wa Merikani

Mzee wa Kunduchi ya Kinondoni, au wa Mbwamaji upande wa Temeke ya zamani, anapotaja merikani mara nyingi hakusudii nchi. Akusudia kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, ambacho wengi wa pwani na bara walikivaa pasi na kumwona Mmarekani hata mmoja. Kwa mabega ya wapagazi kilifika Tabora na Ujiji. Kikawa vazi, kikawa hongo ya kupitia nchi za watemi, kikawa fedha. Kilinunua pembe. Kilinunua na watu.

Asili yake yafaa kutazamwa. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili, Wachoctaw, Wacherokee na wenzao, kutoka ardhi zao za kusini-mashariki hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Ardhi waliyonyang'anywa ikapandwa pamba, na pamba ikalimwa na watumwa, ambao idadi yao nchini humo ilipanda kutoka karibu 700,000 mwaka 1790 hadi karibu 4,000,000 mwaka 1860. Rais huyo huyo ndiye aliyemtuma Edmund Roberts, aliyefunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mjini Maskati mwaka 1833. Pamba ya kusini ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa Salem, ikateremshwa Unguja.

Je, dhuluma ya shambani huishia shambani, au husafiri pamoja na uzi?

Wa kuulizwa kwanza ni Richard Waters, aliyefika Unguja mwaka 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Alikuwa mtu wa dini na mchukia utumwa. Watumwa aliowaona Unguja walimhuzunisha. Lakini alikuwa mfanyabiashara pia, na mshirika wake mkubwa alikuwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Sayyid, ambako watumwa walitozwa ushuru kama pembe na nguo. Kumwita Waters mnafiki ni wepesi usiofundisha kitu. Mnafiki huigiza huzuni; ya Waters ilikuwa ya kweli, ila haikumpunguzia biashara hata jora moja.

Yupo atakayejibu kwamba kitambaa ni kitambaa. Wanafikihi hutenganisha kilicho haramu kwa dhati yake na kilichoharamishwa na njia ya kuchumwa kwake, na aliyenunua pasi na kujua hahesabiwi sawa na aliyejua. Kwa kipimo hicho mpagazi wa Mrima hana lawama; mashamba ya Alabama angeyajulia wapi? Waters aliyajua, na soko la Unguja aliliona kwa macho yake. Alisimama penye ncha zote mbili za uzi.

Kuna jambo zito zaidi. Unguja na Mrima merikani ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa. Mikono isiyo huru ilichuma pamba, mabega yasiyo huru yakaivaa, na katikati wakasimama watu huru waliohesabu faida. Si ajabu kwamba wanawake wengi walipopata uhuru waliiacha merikani kwa kanga.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliadimisha kitambaa hicho, na viwanda vya Uingereza na India vikaziba pengo. Jina lilibaki. Baadaye iliuzwa merikani ambayo haikupata kuiona Marekani.

Leo mnunuzi achambuaye mitumba Tandika husoma kilebo shingoni mwa shati, akaona nchi lilikoshonwa. Aliyelishona na ujira wake havikuandikwa. Asemapo hajui, husema kweli, kama mpagazi. Yule aliyeliagiza kiwandani likiwa jipya, mwenye daftari la bei na ujira, huyo amekaa karibu zaidi na Waters.